Kapsuli Zilizoelea: Mkupuo Uliomwaga Nusu ya Dawa Siku ya Kwanza

Kapsuli ya PLGA, yaani chembe ndogo ya polima inayobeba dawa na kuiachia taratibu mwilini, huzama ikiwa imekaa sawa. Polima yenyewe ina uzito wa gramu 1.3 hivi kwa kila mililita, nzito kuliko maji, kwa hiyo kikorogeo kikisimama kapsuli hutulia chini ya bika kama unga. Mkupuo unaochambuliwa hapa, yaani kundi la kapsuli zilizotengenezwa kwa pamoja, ulifanya kinyume. Dakika ya sita tangu mchanganyiko umiminwe kwenye bika kubwa, utando mweupe ulijikusanya juu ya maji na kujibandika kwenye kuta za kioo. Sumaku ilizunguka chini, utando ukayumba na kurudi palepale. Wiki moja baadaye kapsuli hizo zilikuwa zimekauka na kuwekwa kwenye bafa (maji ya chumvi yenye pH isiyoyumba) ya nyuzi 37, na ndani ya saa 24 asilimia 58 ya dawa ilikuwa imeshatoka. Zilikusudiwa kuitoa kwa wiki tano.

Kisa kimeundwa kwa ajili ya kufundishia na matokeo ya mikupuo ni ya mfano. Viwango vya mchemko, shinikizo la hewa, wepesi wa kuyeyuka na mipaka ya usalama ni halisi, na mtego wenyewe unaisubiri maabara yoyote ya Nairobi inayofuata maelekezo yaliyoandikwa mahali palipo karibu na usawa wa bahari.

Dawa na kazi yake

Dawa ni jentamisini salfeti, ya kuua bakteria, na iliyolengwa ni mifupa iliyoingiwa na bakteria. Wauguzi wa wodi za mifupa jijini wanaijua hali hii vizuri: boda boda imegonga, mfupa wa muundi umetoboa ngozi, udongo wa barabarani umeingia ndani. Mfupa uliokufa kwa kukosa damu haufikiwi ipasavyo na dawa ya mshipani. Kwa miaka mingi madaktari wa upasuaji wametumia shanga za saruji ya mifupa zilizochanganywa na jentamisini. Zinafanya kazi, ila saruji haiyeyuki. Mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji ili zitolewe, na kwa mtu anayelipia kitanda mwenyewe, safari hiyo ya pili ni mzigo mkubwa.

PLGA huondoa safari hiyo. Ni mnyororo wa asidi laktiki na asidi glikoliki; maji ya mwilini huukata kiungo kwa kiungo, na vipande vinavyobaki mwili unajua kuvishughulikia. Nyuzi nyingi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe ni za ukoo huohuo. Sindano ya leuprorelini ya mwezi mzima kwa saratani ya tezi dume, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989, imejengwa juu ya polima hii pia.

Dawa hutoka kwenye kapsuli za aina hii kwa hatua tatu. Kwanza ni mfumuko wa siku ya kwanza, yaani dawa iliyo juu ya ngozi ya kapsuli na kwenye vitundu vinavyofika nje. Kisha kuna utulivu, dawa inapita kidogo kidogo. Mwisho polima inakatika vya kutosha, ukuta unalegea, na kilichobaki kinatoka. Kila hatua ina kisababishi chake, na hilo ndilo lililosaidia sana katika kumtafuta mkosaji.

Mkupuo ulivyotengenezwa

Njia ni ya matone mara mbili: maji ndani ya mafuta (hapa mafuta ni polima iliyoyeyushwa kwenye kiyeyushi), kisha vyote ndani ya maji. Miligramu 40 za jentamisini ziliyeyushwa kwenye mililita 0.4 za maji safi. Miligramu 400 za PLGA ya 50:50 (asidi zake mbili nusu kwa nusu) yenye ncha za asidi, ya daraja la RG 503 H, ziliyeyushwa kwenye mililita 4 za diklorometheni, kiyeyushi kinachovukiza upesi. Ncha za asidi zilichaguliwa makusudi: jentamisini ina chaji chanya, nazo ncha zina chaji hasi, kwa hiyo polima huishika dawa kidogo isikimbie.

Maji ya dawa yalimiminwa kwenye polima, chupa ikazamishwa kwenye barafu, na ncha ya kifaa cha mawimbi ya sauti ikapiga kwa sekunde 30. Mchanganyiko mweupe kama maziwa uliopatikana uliingizwa kwenye mililita 100 za PVA (polima iyeyukayo majini, inayozuia matone yasiungane) ya asilimia 1 na kupigwa kwa homojenaiza, mashine ya kuvunja matone, mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa dakika moja. Vyote vikamiminwa kwenye mililita 300 za PVA ya asilimia 0.3 na kukorogwa kwa sumaku, mizunguko 400 kwa dakika, saa tatu, ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Maelekezo yalisema: nyuzi 35, ili kiyeyushi kiondoke haraka.

Baada ya hapo kapsuli zilikusanywa kwa sentrifuji, zikaoshwa mara tatu kwa maji baridi, zikagandishwa na kukaushwa kwa baridi saa 48.

Neno moja kuhusu PVA, kwa sababu huharibiwa mara nyingi. Nyunyizia unga kwenye maji baridi huku ukikoroga, ndipo upashe hadi nyuzi 85. Ukiutupa kwenye maji ya moto utapata mabonge ya ute yasiyoyeyuka hadi jioni. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo 85 inafikika bila taabu. Ikipoa, ongeza maji yaliyopotea kwa mvuke, kisha chuja.

Kwa hesabu, kila miligramu 440 za vitu vikavu zina miligramu 40 za dawa, yaani asilimia 9.1. Kapsuli zilizopatikana zilikuwa na asilimia 5.2. Dawa iliyonaswa ilikuwa kama asilimia 57 tu ya ile iliyotarajiwa, na unga wenyewe ulikuwa miligramu 270.

Washukiwa walioachiwa

Kipimo ndicho kilichoshukiwa kwanza, na ilikuwa haki. Jentamisini haionekani yenyewe kwenye mwanga wa urujuanimno. Hufungwa kwanza na kitendanishi cha OPA, kisha husomwa karibu na nanomita 332. OPA hushika amini yoyote, yaani kikundi chenye nitrojeni kama kile cha jentamisini. Mtu akitumia bafa ya Tris badala ya fosfeti, Tris yenyewe itasomeka kama dawa na kila sampuli itaonekana imejaa. Hapa bafa ilikuwa ya fosfeti, pH 7.4, na kapsuli tupu zisizo na dawa zilisomeka sifuri. Kipimo kikaachiwa.

Kisha kuosha. Maji ya kuoshea ya mara ya tatu yalipopimwa hayakuwa na dawa ya kutajika. Kilichomwagika siku ya kwanza hakikuwa kimekaa juu ya ngozi kikisubiri kusuuzwa. Kilikuwa ndani, kwenye vyumba vilivyofunguka pindi bafa ya joto ilipoingia.

Polima ilishukiwa kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Chupa ya PLGA hukaa kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri, na ikifunguliwa ingali baridi, unyevu wa hewa hutua juu ya unga na kuanza kuikata minyororo kabla ya kazi kuanza. (Itoe, iweke kwenye chombo cha kukaushia, subiri ifikie joto la chumba, ndipo ufungue kifuniko.) Mnato wa polima hii ulipimwa na kuangukia ndani ya kiwango cha daraja lake, desilita 0.32 hadi 0.44 kwa gramu. Ila hata bila kipimo hicho, grafu ilikuwa imeshasema. Polima iliyokatika huwahisha hatua ya tatu. Hapa hatua ya tatu ilianza kwenye siku ya 18, wakati wake wa kawaida. Mfumuko ukiwa mkubwa na hatua ya tatu ikiwa palepale, usihangaike na polima. Tatizo lilitokea wakati ukuta unajengwa.

Kukausha kwa baridi nako kulichunguzwa, maana barafu inayoyeyuka katikati ya safari hupasua kapsuli. Kiasi kidogo cha mkupuo uleule kilikaushwa hewani. Kikafumuka vilevile.

Bika lilivyosema

Mkupuo ulirudiwa neno kwa neno, safari hii tone likichukuliwa kila dakika tano na kuwekwa chini ya hadubini ya kawaida, lenzi ya kukuza mara 10.

Dakika ya tano matone yalikuwa ya duara, na ndani ya kila moja ulionekana ukungu wa vitone vidogo vya maji, jambo zuri. Dakika ya kumi mengi yalikuwa na duara jeusi ndani, lenye ukingo mnene na kitovu kinachong'aa. Maji ndani ya polima hayana sura hiyo. Gesi ndiyo iliyo nayo. Baadhi ya viputo vilikuwa vinapasukia nje huku vikitazamwa, na vilipopasuka viliacha shimo ambalo polima iliyokwisha kukaza haikuweza kuliziba. Picha za hadubini ya elektroni zilionyesha baadaye makovu yaleyale: ngozi yenye mashimo, na ndani uwazi mmoja mkubwa mahali palipotakiwa vyumba vingi vidogo.

Fundi wa maabara, mzee aliyezoea kuchemsha viyeyushi, alimwambia mtafiti kwa maneno machache: "Daktari, hii haivukizi. Hii inachemka." Tofauti ndiyo hiyo. Uvukizi huanzia juu, kiyeyushi kikitoka kwa utulivu kutoka tone hadi maji, kutoka maji hadi hewa. Mchemko huanzia ndani ya tone lenyewe.

Diklorometheni huchemka kwenye nyuzi 39.6 pale shinikizo la hewa linapokuwa kilopaskali 101, yaani usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya bahari na shinikizo la hewa yake ni kilopaskali 82 hivi. Kwa shinikizo hilo diklorometheni huchemka karibu na nyuzi 34. Tena haiko peke yake: inapogusana na maji, vimiminika hivi viwili huchemka pamoja chini ya hapo kwa takriban nyuzi moja na nusu. Kwa hiyo ndani ya bika la Nairobi mchemko unaanza kwenye nyuzi 32 au 33. Maelekezo yalisema 35. Mombasa karatasi hiyohiyo ingefuatwa bila kisa, kwa sababu huko 35 bado ni chini ya mchemko. Eldoret hali ni mbaya zaidi kuliko Nairobi.

Sahani ya moto iliongeza chumvi kwenye kidonda. Kifaa kilikuwa kimewekwa kufuata joto la sahani, si la maji, na katika dakika za mwanzo sahani hupanda juu ya kilichoandikwa kabla ya kutulia. Matone yaliyopita chini ya bika yaliguswa na joto kubwa kuliko kipimajoto kilichoning'inia katikati kilivyoonyesha.

Ndiyo maana kapsuli zilielea: zilikuwa na gesi tumboni. Ndiyo maana unga ulikuwa mchache, kwa kuwa zilizoelea hazikushuka kwenye sentrifuji na zilimwagwa na maji ya juu. Na ndiyo maana dawa ilipungua hata kabla ya jaribio, kwani kila kiputo kilichopasuka kilifungua mlango na jentamisini, ambayo hupenda maji, ikatoka kwenye mililita 400 zilizoizunguka.

Kuna mtego mwingine mdogo unaostahili kutajwa. Ukitafuta shinikizo la hewa la Nairobi kwenye programu ya hali ya hewa ya simu, utaona kitu kama hektopaskali 1,018 na kudhani hakuna tofauti na pwani. Namba hiyo imerekebishwa ionekane kana kwamba mji uko usawa wa bahari, ili ramani za hali ya hewa zilingane. Unayoitaka ni ile ya mahali ulipo, karibu 820 (sawa na kilopaskali 82). Kipima shinikizo cha ukutani kisichorekebishwa kitakupa.

Joto halikuhitajika kamwe

Lita moja ya maji kwenye nyuzi 25 hubeba takriban gramu 13 za diklorometheni. Mililita 4 za kiyeyushi zina uzito wa gramu 5.3. Mililita 400 za maji zinaweza kubeba gramu 5.2. Yaani maji ya bika yenyewe, hata pasipo kuvukiza chochote, yanaweza kunyonya karibu kiyeyushi chote kutoka kwenye matone. Kinachofuata ni hewa ya kabati kukiondoa majini. Juu ya hapo, katika hewa nyepesi ya Nairobi kiyeyushi huondoka majini kwa urahisi kuliko pwani. Anayepasha moto hapa anaharakisha kitu ambacho tayari kina haraka.

Marekebisho yalifanywa moja moja, na hili lisipuuzwe: ukibadili vitu vitatu kwa pamoja utapata kapsuli nzuri usiyojua imetoka wapi.

Mkupuo wa pili ulikuwa uleule ila sahani ya moto ilizimwa. Maji yalikaa nyuzi 21 hadi 22, na kufidia joto lililoondolewa, kukoroga kukaongezwa kutoka saa tatu hadi nne. Hakuna kilichoelea. Dawa ndani ilipanda hadi asilimia 6.4 na mfumuko wa saa 24 ukashuka hadi asilimia 24.

Mkupuo wa tatu uliongeza chumvi ya kawaida, gramu 20 kwa lita, kwenye maji yote mawili ya nje. Sababu ni hii: vitone vya ndani vina jentamisini nzito, miligramu 100 kwa mililita, nayo huvuta maji kutoka nje kupitia polima ingali laini. Vitone vinavimba, vinaungana, vinafungua njia hadi kwenye ngozi. Chumvi nje inasawazisha mvuto huo. Dawa ndani ikafika asilimia 7.1, mfumuko asilimia 15, na unga uliokusanywa miligramu 360. Kuosha hapa kunahitaji maji mengi zaidi, kwa sababu chumvi iliyobaki hufanya unga ufyonze unyevu.

Je, asilimia 15 bado ni nyingi? Kwa homoni, ndiyo, huenda ingehitaji kushushwa zaidi. Kwa bakteria wa kwenye mfupa, hapana. Dozi nzuri mwanzoni ndiyo inayotakiwa, jeraha likiwa bichi. Chukua gramu 2 za kapsuli. Mkupuo wa kwanza ungebeba miligramu 104 za dawa, ukamwaga 60 siku ya kwanza na kubakiza 44 kwa siku 34, wastani wa miligramu 1.3 kwa siku. Mkupuo wa tatu ungebeba 142, ukatoa 21 siku ya kwanza na kubakiza 121, wastani wa 3.6 kwa siku. Miligramu 60 kwa siku moja hazitaua figo za mtu mzima ambaye kwa kawaida hupewa zaidi ya 300 mshipani. Hatari iko upande wa mkia: karibu wiki tano za dawa haba, pale ambapo bakteria waliosalia wanapata nafasi ya kujizoeza nayo. Hilo linatuumiza zaidi, kwa kuwa jentamisini ni miongoni mwa dawa ambazo hospitali zetu bado zinazitegemea.

Yaliyobaki kuangaliwa

Kufanya kazi bila joto kunaleta swali la haki: je, kiyeyushi chote kimetoka? Mwongozo wa ICH, baraza la kimataifa la kuoanisha kanuni za dawa, huruhusu diklorometheni isizidi sehemu 600 kwa milioni. Pua haitoshi, hupimwa kwa gesi kromatografia. Ikizidi, rudisha unga kwenye mashine ya kukausha na umalizie kwa nyuzi 25 chini ya ombwe. Usipande kwenye 40 kwa papara. PLGA hii ikiwa kavu hulainika kwenye nyuzi 44 hadi 48, na ikiwa na unyevu au kiyeyushi ndani hulainika chini zaidi, kapsuli zikashikana kuwa kipande kimoja.

Stima ikipotea wakati wa kukausha, funga vali ya chombo kabla ombwe halijavunjika, kisha rudisha chupa kwenye friza hadi umeme urudi. Unga ulioyeyuka na kukaa na maji usiku kucha usiendelee nao.

Diklorometheni hupenya glavu za nitrili nyembamba kwa dakika chache. Ukimwagikiwa, vua papo hapo. Mabaki yake huenda kwenye chupa ya taka zenye klorini, hayamwagwi kwenye sinki.

Kapsuli hizi si za kuwekwa mgonjwani. Kwa hilo kuna kazi ya usafi kamili ambayo haijaguswa hapa: mvuke wa nyuzi 121 ungeziyeyusha, mionzi ya gama hukata minyororo, kwa hiyo mara nyingi kila kitu hufanywa kisafi tangu mwanzo, na kabla ya binadamu yeyote kuguswa kuna kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu.

Kwa kila mkupuo sasa karatasi ya kazi inaandikwa mambo mawili ambayo hayakuwamo: joto la maji yenyewe, na shinikizo la hewa la mahali. Na kabla ya kupeleka unga kwenye jaribio la wiki tano, hufanywa jaribio la dakika kumi. Miligramu 10 za kapsuli kavu kwenye mililita 10 za maji yenye Tween 80 (kilowesho kama sabuni) ya asilimia 0.1; bila hiyo unga mkavu huelea kwa kukataa tu kulowa. Geuza chupa mara tano, iache wima. Ikifika dakika ya kumi na bado kuna pete nyeupe juu, rudi kwenye bika.